Bnei Brak, Machi 2020: Masomo ya Torati, Amri ya Serikali na Virusi vya Korona

Tarehe 12 Machi 2020 Waziri Mkuu wa Israel, Benjamin Netanyahu, alitangaza kwamba shule na vyuo vikuu vyote nchini vitafungwa ili kuzuia kuenea kwa virusi vya korona. Katika siku hizohizo, mjini Bnei Brak, Rabi Chaim Kanievsky aliulizwa swali na mjukuu wake mbele ya kamera: serikali inataka vyuo vya watoto na yeshiva, yaani vyuo vya juu vya Talmudi (mkusanyo wa sheria na mijadala ya marabi wa kale), vifungwe kwa muda hadi hali ijulikane, je, vifungwe? Mzee huyo, aliyekuwa na umri wa miaka 92 na ambaye kwa maelfu ya familia neno lake ndilo lililokata shauri, alijibu kwa sauti iliyosikika kwa taabu: la hasha. Baadaye ilienezwa kwa niaba yake kauli kwamba kusitisha masomo ya Torati ni hatari kubwa kuliko ugonjwa wenyewe. Kabla mwezi haujaisha, rabi huyohuyo alikwisha kuagiza kwamba watu wasali peke yao majumbani, na kwamba anayekaidi masharti ya afya ahesabiwe kuwa anayahatarisha maisha ya wenzake.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi kama mgongano wa dini na sayansi, ambapo dini ilishindwa na kusalimu amri. Simulizi hiyo ni nyepesi mno. Ukiifuata, huwezi kueleza kwa nini mtu aliyekataa katikati ya mwezi aliamuru mwisho wa mwezi, na aliamuru kwa ukali kuliko serikali yenyewe, ilhali imani yake haikubadilika hata chembe. Maelezo yanapatikana kwingine: ndani ya sheria ya Kiyahudi, ambayo ina hoja nzito za pande zote mbili, na ndani ya mapatano ya kisiasa ya muda mrefu, yaliyoiacha serikali bila njia ya kufikisha habari katika nyumba ambazo habari hiyo ilihitajika kuliko kwingine kokote.

Mji na watu wake

Bnei Brak imepakana na Tel Aviv upande wa mashariki. Iliasisiwa mwaka 1924 na Wahasidi, wafuasi wa mkondo wa kiroho wa Kiyahudi, kutoka Poland waliokusudia kulima, lakini mashamba yalimezwa na majengo, na kufikia mwaka 2020 takribani watu 200,000 waliishi katika eneo la kilomita za mraba zipatazo saba, msongamano usio na mfano katika miji mingine ya Israel. Wakazi wengi ni Waharedi, yaani Wayahudi wanaoshika sheria ya dini kwa ukamilifu na kujitenga kwa makusudi na utamaduni wa kisasa. Kitaifa, kundi hilo lilikuwa kama asilimia 12 ya watu wote. Familia yenye watoto saba au wanane katika nyumba ya vyumba vitatu si jambo la ajabu huko. Mwanamume husali mara tatu kwa siku katika sala ya jamaa, ambayo haitimii bila wanaume kumi, na kati ya sala na sala wengi hukaa wawiliwawili kwenye ukumbi uliojaa, wakibishana juu ya Talmudi kwa sauti kubwa, uso kwa uso. Mtu angetaka kubuni mazingira yanayoifaa virusi inayosafiri kwa pumzi, asingepata bora kuliko hayo.

Lakini ukumbi huohuo una historia ambayo haionekani kwenye ramani ya maambukizi. Mwaka 1933 alihamia Bnei Brak Rabi Avraham Yeshaya Karelitz, ajulikanaye zaidi kwa lakabu ya Hazon Ish, mwanachuoni kutoka upande wa Lithuania na Belarusi, ambaye hakuwa na cheo chochote rasmi lakini aliugeuza mji huo kuwa makao makuu ya elimu. Kanievsky alikuwa mpwa wake. Mwaka 1944, wakati vyuo vya Ulaya Mashariki vilikuwa vimekwisha kuteketezwa pamoja na walimu na wanafunzi wake, Rabi Yosef Shlomo Kahaneman alianzisha juu ya kilima cha mji huo yeshiva aliyoipa jina la Ponevezh, kwa kumbukumbu ya mji wa Lithuania ambako chuo chake cha kwanza kilikuwa kimeangamizwa. Kwa walioirithi, kusoma pale ni kujibu mauaji yale.

Nyuma zaidi kuna Volozhin. Yeshiva hiyo, iliyoasisiwa mwanzoni mwa karne ya 19 na Rabi Chaim wa Volozhin na ambayo ndiyo mama wa yeshiva zote za aina ya Lithuania, ilifundisha kwamba ulimwengu umesimama kwa sababu ya Torati, na kwamba ikitokea dakika moja ambapo hakuna mtu hata mmoja duniani anayeisoma, kila kilichoumbwa kitarudi kuwa si kitu. Kwa hiyo wanafunzi walipokezana zamu, usiku na mchana. Mwaka 1892 serikali ya Urusi, iliyotaka masomo ya kidunia yaingizwe chuoni, ilikifunga. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, yeshiva ya Mir ilikimbia kutoka Lithuania kupitia Japani hadi Shanghai, na huko iliendelea kusoma hadi vita vikaisha. Kwa aliyelelewa kwa masimulizi hayo, sentensi isemayo "serikali imeamuru yeshiva zifungwe" huingia sikioni ikiwa na uzito wa historia yote hiyo. Sidai kwamba uzito huo unahalalisha jibu la kwanza la Kanievsky. Nadai tu kwamba afisa wa afya aliyedhani anatoa tangazo la kawaida hakujua ametamka nini.

Sheria ilisema nini

Wanaodhani kwamba sheria ya Kiyahudi ilikuwa upande mmoja tu hawajaifungua. Kuokoa uhai huitangulia karibu kila amri nyingine. Marabi wa Talmudi waliijenga kanuni hiyo juu ya aya ya kitabu cha Walawi isemayo kwamba mtu akizishika amri ataishi kwazo, nao wakaongeza: aishi kwazo, asife kwazo. Kwa kanuni hiyo Sabato huvunjwa kwa ajili ya mgonjwa, tena pasipo kungoja uhakika, kwani shaka ya hatari inatosha. Kuhusu tauni, Talmudi inaagiza wazi katika sehemu ya Bava Kamma kwamba ugonjwa ukiingia mjini, mtu akusanye miguu yake ndani ya nyumba. Msomaji Mwislamu atakumbuka hapo hadithi ya Mtume inayokataza kuingia katika nchi yenye tauni au kutoka humo.

Mifano ya kihistoria haikukosekana. Kipindupindu kilipofika Poznań mwaka 1831, Rabi Akiva Eger, mmoja wa wanasheria wakubwa kabisa wa zama zake, aliamuru kwamba watu wasizidi kumi na watano katika sala moja, kwamba sala zianze alfajiri na kufuatana kundi kwa kundi, na kwamba maji ya kunywa yachemshwe. Akaridhia walinzi wa serikali wasimame mlangoni kuhakikisha idadi haizidi. Mfalme wa Prussia alimwandikia barua ya shukrani. Mwaka 1848, kipindupindu kilipoishambulia Vilna, Rabi Israel Salanter alitangaza kwamba watu wale hata siku ya Yom Kippur, siku ya mfungo mkuu kuliko yote, ili miili isidhoofike mbele ya ugonjwa. Na masimulizi mengine yanasema kwamba yeye mwenyewe alikula hadharani ndani ya sinagogi ili pasiwe na aliyebaki na shaka.

Upande wa pili nao ulikuwa na maandiko. Talmudi inasema kwamba ulimwengu husimama kwa pumzi ya watoto walioko chuoni, na kwamba masomo yao hayasimamishwi hata kwa ajili ya kujenga Hekalu. Inasema pia kwamba Torati humlinda na kumwokoa anayeisoma. Aliyesikia la hasha ya Kanievsky akaiona kuwa ushupavu mtupu hakujua kwamba mzee yule alikuwa akijibu kwa kunukuu, kama alivyojibu maswali yote ya maisha yake.

Sasa tutazame swali lenyewe, kwa sababu hapo ndipo uchambuzi unapostahili kukaa zaidi. Rabi wa aina ya Kanievsky hakusoma magazeti, hakutazama televisheni, hakuwa na intaneti. Alisoma tangu kabla ya alfajiri hadi usiku, na dunia ilimfikia kupitia wasaidizi na jamaa waliosimama karibu na kiti chake. Hukumu yake ingeweza kuwa sahihi kwa kadiri tu ya maelezo aliyopewa. Aliulizwa kama masomo yasimamishwe kwa sababu serikali inataka. Hakuulizwa kama inaruhusiwa kuwakusanya watoto mia mbili katika jengo moja ilhali madaktari wanasema kwamba mtoto asiye na dalili anaweza kumpelekea babu yake kifo. Maswali hayo mawili yanahusu tendo lilelile, lakini katika sheria ya Kiyahudi yanaangukia milango miwili tofauti: la kwanza ni suala la thamani ya Torati mbele ya dola, na la pili ni suala la kuokoa uhai. Kila aliyewahi kuomba fatwa anajua kwamba muulizaji huchangia nusu ya jibu. Kwa sababu hiyo lawama yangu kubwa inawaangukia waliosimama kati ya mzee na dunia kuliko mzee mwenyewe, ingawa siwezi kumwondolea lawama yote kiongozi anayekubali kujengewa ukuta wa namna hiyo kisha akatoa amri zinazovuka ukuta.

Mapatano yaliyoitia serikali ububu

Tarehe 19 Juni 1947, David Ben-Gurion, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa Israel, na wenzake katika Shirika la Kiyahudi, chombo kilichowaongoza Wayahudi wa Palestina kabla ya dola, waliwaandikia viongozi wa Agudat Israel, chama cha Waharedi, barua iliyokuja kuwa msingi wa uhusiano wa dini na dola nchini humo. Kamati ya Umoja wa Mataifa ilikuwa imefika Palestina kuchunguza mustakabali wa nchi, na Ben-Gurion hakutaka Wayahudi waonekane wamegawanyika mbele yake. Barua iliahidi kwamba Sabato itakuwa siku ya mapumziko, kwamba vyakula katika majiko ya serikali vitafuata sheria ya dini, kwamba ndoa zitabaki mikononi mwa dini, na kwamba kila mkondo wa elimu utakuwa na uhuru wake. Mwaka uliofuata, vijana wapatao 400 wa yeshiva waliahirishiwa utumishi wa jeshi. Idadi hiyo ndogo ilikua hadi kuwa makumi ya maelfu.

Ben-Gurion alimtembelea Hazon Ish nyumbani kwake Bnei Brak mwaka 1952, wakati wa mvutano juu ya kuwaandikisha wanawake jeshini. Inasimuliwa kwamba mwanachuoni alimjibu kwa mfano wa Talmudi: vyombo viwili vikikutana njiani mahali pembamba, kitupu hukipisha kilichobeba mzigo. Waziri Mkuu hakufurahishwa kuambiwa kwamba dola yake mpya ndiyo chombo kitupu, lakini miaka iliyofuata ilikuwa kama vile alikipisha. Waharedi walijenga mfumo kamili wa shule zao, vyombo vyao vya habari, misaada yao, na hata simu zao: simu zilizoidhinishwa na marabi, zisizo na intaneti wala ujumbe mfupi.

Mnamo Machi 2020 mfumo huo ulikuwa na nguvu za kisiasa kuliko wakati wowote. Uchaguzi wa tarehe 2 Machi, wa tatu ndani ya mwaka mmoja, haukumpa mtu ushindi. Netanyahu alihitaji viti vyote tisa vya Shas na vyote saba vya muungano wa Yahadut HaTorah, vyama vya Waharedi, ili abaki na matumaini ya kuunda serikali. Waziri wa Afya, Yaakov Litzman, alikuwa Mhasidi wa tawi la Gur aliyetoka katika muungano huohuo. Basi haishangazi kwamba siku za mwanzo amri ya kufunga shule ilipofika kwenye milango ya yeshiva ililegezwa, na baadhi zikaruhusiwa kuendelea kwa makundi madogo yaliyotengana. Wakosoaji waliuita upendeleo, nami naona waliuita sawasawa. Hata hivyo upendeleo huo uliwaua zaidi waliopendelewa.

Udhaifu wa pili ulikuwa wa mawasiliano. Serikali ilitangaza masharti kwa hotuba za televisheni za saa mbili usiku, kwa tovuti, kwa ujumbe wa simu za kisasa, na idara ya usalama wa ndani ilifuatilia mienendo ya wagonjwa kwa data za simu na kuwatumia ujumbe waliokutana nao. Kila moja ya njia hizo ilikomea kwenye mpaka wa Bnei Brak. Nyumba nyingi huko hazina televisheni, na simu nyingi hazipokei ujumbe. Dola iliyokubali kwa miaka sabini kwamba watu hawa waishi bila vyombo hivyo ilishangaa siku ya dhiki kuona kwamba hawakusikia.

Kugeuka

Tarehe 25 Machi masinagogi yalifungwa kwa kanuni mpya na watu wakakatazwa kwenda zaidi ya mita mia moja kutoka nyumbani bila sababu ya lazima. Usiku wa tarehe 28 mamia ya watu walikusanyika Bnei Brak kumzika rabi mmoja, polisi wakatazama, na nchi nzima ikachemka. Kufikia wakati huo wagonjwa walikuwa wakijulikana kwa majina na kwa nyua, na madaktari Waharedi wanaoaminika walikuwa wamefika kwenye kiti cha mzee na takwimu mkononi. Ndipo ilipotoka hukumu ya pili. Kanievsky aliagiza kila mtu asali peke yake. Akasema kwamba anayepuuza tahadhari ana hukumu ya mtu anayemfukuza mwenzake amuue, ambaye Talmudi inaamuru azuiwe kwa kila njia. Na akaruhusu wakaidi waripotiwe kwa mamlaka, jambo zito sana katika jamii ambayo tangu zama za watawala wa Ulaya humhesabu anayemshitaki Myahudi mwenzake serikalini kuwa msaliti. Polisi hawakuwa wamethubutu kuomba kiasi hicho.

Utii ulikuwa wa haraka. Mabango yalibandikwa ukutani, ambayo ndiyo magazeti ya mitaa ya Waharedi. Magari yenye vipaza sauti yalizunguka. Laini za simu ambazo watu hupiga kusikiliza darasa za Talmudi zilikuwa na kazi kuliko zamani, kwa kuwa masomo yaliendelea kwa sikio palipokosekana ukumbi. Watu walisali kwenye roshani, kila familia mahali pake, imamu wao akisoma kutoka ghorofa moja na "amina" ikiitikiwa kutoka ghorofa kumi. Swali la wajuzi lilikuwa kama roshani mbili zinazotenganishwa na barabara zinahesabika kuwa jamaa moja, na marabi walitofautiana.

Lakini hukumu ilichelewa. Tarehe 2 Aprili ilitangazwa kwamba Litzman mwenyewe ameambukizwa, na mkuu wa shirika la ujasusi la Mossad pamoja na maafisa wengine waliokutana naye wakajitenga. Siku hiyo mkuu wa mfuko wa afya wa Maccabi aliiambia kamati ya Bunge kwamba anakadiria asilimia 38 ya wakazi wa Bnei Brak wameambukizwa, kadirio la kutisha ambalo lilikuwa mbali mno na waliothibitishwa kwa vipimo, wapatao elfu moja katika nchi iliyokuwa na wagonjwa zaidi ya 7,000. Hata hao elfu moja walitosha kuuweka mji huo wa watu 200,000 nyuma tu ya Yerusalemu, yenye watu zaidi ya 900,000. Usiku huo serikali iliutangaza mji kuwa eneo lililozuiliwa, na kesho yake polisi wapatao elfu moja waliuzingira.

Hapo pana jambo ambalo wachambuzi wengi hulipita mbio. Serikali ilimteua Roni Numa, jenerali mstaafu, kusimamia mji, naye, badala ya kuanza na vizuizi vya barabarani, alianzisha kazi yake ndani ya manispaa, akakaa na marabi na wasaidizi wao. Wanajeshi wa miavuli waligawa vyakula vya Pasaka ya Kiyahudi mlango kwa mlango katika mji ambao vijana wake hawaendi jeshini, na wakapokelewa kwa keki na shukrani. Upangaji wa kuwahamishia hotelini wazee wa zaidi ya miaka 80, wapatao 4,500, ulikwama kwa sababu wengi hawakutaka kuila Pasaka mbali na nyumba zao, na hapana amri ambayo ingewashawishi. Lakini mengine yalikwenda. Numa alitambua kile ambacho wizara haikutambua kwa wiki tatu: kwamba mjini humo kulikuwa na utawala unaofanya kazi, wenye sheria, mahakama, wahudumu wa kujitolea na uwezo wa kufunga mlango wowote ndani ya saa moja, ikiwa tu atazungumza nao mapema na kwa lugha yao.

Pasaka iliyoanza jioni ya tarehe 8 Aprili iliangukia chini ya amri ya nchi nzima ya kutotoka nje. Marabi kadhaa wa Israel wenye asili ya Afrika Kaskazini walikuwa wameruhusu familia ziunganishwe kwa programu ya Zoom, iwashwe kabla ya sikukuu kuingia, ili wazee waliotengwa wasikate tamaa. Rabi Mkuu alipinga, na baadhi ya waliosaini wakajiondoa. Katika Bnei Brak mjadala huo ulipita kando, kwa kuwa kompyuta haikuwapo.

Miezi iliyofuata

Yeyote anayetaka kukifanya kisa hiki kiwe hadithi ya mtu aliyezinduka atakwama katika vuli ya 2020. Wimbi la pili lilipokuja, iliripotiwa kwamba Kanievsky aliwashauri wanafunzi wasipimwe, ili makundi mazima yasipelekwe karantini na masomo yakakatika. Mwanzoni mwa Oktoba yeye mwenyewe alipimwa na kukutwa na virusi, akapona. Wiki chache baadaye aliagiza vyuo vya watoto vifunguliwe tarehe 18 Oktoba, kinyume cha ratiba ya serikali, na vingi vikafunguliwa. Desemba, chanjo ilipofika, aliunga mkono watu wachanjwe. Januari 2021 polisi na vijana walipigana katika mitaa ya Bnei Brak kwa sababu ya shule zilizofunguliwa licha ya zuio, na basi likachomwa moto.

Mfululizo huo hauna upinzani wa ndani kama unavyodhaniwa. Chanjo ilimjia kama suala la tiba, na katika tiba sheria humtaka mtu amfuate daktari. Shule zilimjia tena kama suala la Torati, na safari hii wazazi wenye watoto minane ndani ya vyumba vitatu, wasio na kompyuta ya masomo ya mbali ambayo serikali iliwapa wengine kama mbadala, walikuwa na hoja yao isiyohitaji Talmudi. Serikali iliyokuwa na miezi sita ya kutafuta utaratibu wa vyuo hivyo iliitumia kugombana juu ya bajeti na uchaguzi wa nne, na ilipofika Oktoba ilirudi mlangoni kwa mzee na swali lilelile la Machi: vifungwe au visifungwe.